Kwa Mama, Uliyetuambia Sote "Sawa"

Mwaka umetimia, Mama, tangu tukutoe wodini ukiwa umefunikwa shuka la watu. Wewe uliyefua na kupiga pasi mashuka ya nyumba ya wageni mpaka ukastaafu, ukaondoka juu ya shuka lililotandikwa ovyo. Na uliliona. Siku zile za mwisho ulimwuliza nesi, "Hii kona nani kaikunja, mwanangu? Kaifunga kama mzigo wa kuni." Nesi akacheka mpaka akakaa.

Uliishi miaka themanini na minane, na mingi kati ya hiyo uliicheka. Chumba cha kufulia kilinuka sabuni na mvuke, na kila aliyechungulia mlangoni ulimpa kazi: shika ncha hii, vuta, si hivyo, unakokota ng'ombe? Wajukuu walijifunza kuhesabu kwa foronya. Marehemu Baba alikuwa akisema alioa mke mmoja akapewa na kiwanda. Chakula chako hakikuwahi kuwatosha waliokuwepo tu. Sikuzote kulikuwa na sahani ya ambaye hajafika.

Na ulikuwa na neno lako: "Sawa, mwanangu." Hukuweza kumkatalia mtu usoni. Jirani akikuomba ubaki na mtoto wake, sawa. Mwingine akikuomba umsindikize sokoni saa ile ile, sawa. Ukaenda sokoni na mtoto wa watu mgongoni. Ndiyo maana kila mmoja wetu alikua akiamini kwamba yeye ndiye kipenzi chako.

Sasa nikueleze hali ilivyo, maana hukupenda mtu anayezunguka maneno. Mwaka huu umekuwa mbaya. Kifungua mimba wako, mchomelea mageti, na kitinda mimba wako, binti uliyekuwa ukiishi naye, hawajasemezana tangu siku ya mazishi. Kaka ndiye aliyekupeleka hospitali ukapasuliwe. Mdogo wangu alitaka ubaki nyumbani. Mbele ya waombolezaji alimwambia kaka, "Umemtoa Mama kitandani kwake akafie kwa watu asiowajua." Kaka akamjibu, "Wewe ulitaka aozee ndani huku tunamtazama." Maneno kama hayo yakishatoka hayarudi mdomoni.

Nilipoanza kuandaa tangazo hili la kumbukumbu yako, kaka alisema, "Mwandike yeye. Mimi niache." Mdogo wangu akasema, "Kama yeye yumo, mimi sitaki kuwemo." Nikawaambia Mama hakuzaa ili mimi nichague wa kumtangaza. Hawakucheka. Nikaona kweli nyumba yako inakatika vipande viwili. Wajukuu nao walishaanza kupishana barabarani kama wageni.

Kilichonifumbua macho ni redio yako. Wajukuu watatu walikuja kuidai, kila mmoja kwa wakati wake, na kila mmoja akiapa kwamba Bibi alimwahidi. "Alisema sawa, shangazi." "Hata mimi, mama, alisema sawa." Hakuna aliyedanganya. Nilikaa na redio ile mapajani nikakufikiria wewe na sawa zako, ndipo nikampigia kaka simu. Nilimwambia bomba limepasuka kwako. Angejua mengine asingekuja.

Alisimama mlangoni pa chumba chako na spana mkononi. Mdogo wangu alikuwa amekaa kitandani.

"Bomba liko wapi?"

"Bomba ni nyinyi," nikasema. "Kaa."

Alikaa kwenye kiti, mbali. Nikawataka waniambie ulisema nini, maneno yenyewe.

"Nilimwambia tunakwenda kupasuliwa, atapona," kaka akasema. "Akasema, sawa, mwanangu."

Mdogo wangu aligeuka. "Mimi nilikuwa namkanda miguu. Nikamwambia hutoki humu, Mama, utalala hapa hapa mpaka mwisho. Akasema, sawa, mwanangu."

"Na mimi nilimwambia asijisumbue, tutaamua sisi," nikasema. "Jibu lilikuwa hilo hilo."

Hakuna aliyekuuliza, Mama. Kila mmoja alikuja na jibu lake mkononi, nawe ukalipokea kama ulivyopokea kila kitu. Ulichotaka wewe hatukijui, na hatutakijua. Huo ndio mzigo wetu, hauna wa kutusaidia kuutua.

"Lakini alikufa peke yake," mdogo wangu akasema.

Kaka aliweka spana sakafuni. "Nilikuwa nje ya mlango, kwenye benchi. Muda wa kuona wagonjwa uliisha, wakanitoa. Sikuondoka. Nilikuwa namsikia akikohoa. Halafu nikawa simsikii. Nikasema, afadhali, amepata usingizi."

"Mbona hukusema siku zote hizi?"

"Ungenifungulia mlango?"

Mdogo wangu alijifuta uso kwa ncha ya shuka lako, akakaa nalo mkononi.

"Alikohoa sana?"

"Hapana. Kidogo tu."

"Kweli?"

"Kweli, mdogo wangu."

Sijui kama ilikuwa kweli. Sikumwuliza.

Hawajapatana, Mama, nisikudanganye. Hakuna aliyemshika mwenzake mkono. Kaka mpaka leo hajala chakula nyumbani kwako. Lakini alipoinuka kwenda zake, dada yake alisema akiwa ameuangalia ukuta, "Ukituandika, anza na mkubwa." Kaka alikuwa ameshafika barazani. Akasimama. "Yeye mfuatishe hapo hapo," akasema. "Usimweke mbali nami."

Nimefanya hivyo.

Unakumbukwa na mwanao wa kwanza, mchomelea mageti. Kando yake, mwanao wa mwisho, aliyekukanda miguu. Kisha mimi wa katikati, niliyesogea ili wao wakae pamoja. Unakumbukwa na wakwe zako, wajukuu na vitukuu, na wafuaji wenzako wa nyumba ya wageni ambao bado wanakunja kona za mashuka kwa namna yako.

Tutakukumbuka siku zote, Mama. Pumzika. Hakuna atakayekuomba kitu tena.