Gazeti la Bi Zuhura

Dada Mwajuma,

Shikamoo. Naomba magoti yako yawe yametulia na mbuzi wasiwe wamekumalizia mchicha.

Nilichoka kukaa bure kwa mwanangu hapa Mji Mkongwe, nikaenda nyumba ya wazee kuomba kujitolea. Msimamizi akaniuliza napenda nini. "Kusoma kwa sauti," nikajibu kwa madaha, si unanijua, mwalimu wa Kiswahili miaka thelathini! Akanipeleka nikamsomee gazeti Bi Zuhura, ambaye macho yake hayaoni tena.

Nikakohoa, nikaanza: "Bei ya zahabu imepanda..."

"Zahabu ndo nini, mwanangu?"

"Ile ya kwenye pete, bibi."

"Aa, dhahabu! Toa ulimi kidogo. Sema dha."

Nikatoa ulimi, na wazee wote barazani wakageuka kunitazama. Hatukuvuka sentensi ile mpaka chai ikaja, na gazeti likalowa mate yangu. Niliwakumbuka wanafunzi wote niliowahi kuwacheka matamshi yao.

Nikaaga, moyoni nimeapa sirudi. Bi Zuhura akanishika mkono. "Kesho njoo mapema, bado 'thamani' na 'ghali'. Nlikuwa nnasomesha madrasa mimi. Tangu macho kunitoka, sijapata mwanafunzi."

Ningesemaje, dada? Nimeitika "Naam," na daftari nimeshanunua.

Wasalimie wote nyumbani, ila shemeji usimsomee kadi hii, atanicheka mpaka Idi. Mungu akutunze, nimekukumbuka sana.

Mdogo wako,
Hamisi