Gauni la Mama Haitham na Bon Tuliyoificha

Bwiza, Avenue ya Nne,
Bujumbura.
Tarehe 11 Mei 2025

Mpendwa mdogo wangu Ilyasi,

Assalaam alaykum. Natumaini barua hii itakukuta mzima, kifua kimepoa, na ile kazi ya ghalani haijakumaliza. Je, unakula vizuri? Ile picha uliyotutumia Mama aliikuza kwenye simu mpaka ukabaki shavu tupu, akasema umekonda. Mimi nikamwambia ni kofia tu. Niandikie ukweli, nisiwe nimemdanganya mzazi bure.

Sisi huku tu wazima, alhamdulillahi, ila ni uzima wa kuchoka. Presha ya Mama inapanda na kushuka inavyotaka. Shemeji yako Nasser anashinda kwenye foleni ya mafuta, na akiyapata abiria wenyewe hawana pesa ya taksi, basi gari linapumzika kuliko sisi. Duka langu la mabuibui linafunguliwa na kufungwa. Mvua ya mwaka huu imetuonea, lakini ya Bwiza ni afadhali. Nitakuambia ya Buterere.

Utajiuliza kwa nini nakuandikia karatasi wakati sauti za WhatsApp zipo. Unajua nyumba yetu. Nikisema neno moja kwenye simu, Mama yuko mlangoni; ukijibu wewe, anaomba asikilize na yeye. Olga wa Mutanga Nord anasafiri Jumatano kwenda kumwona binti yake Bruxelles, ameniambia atakupigia ufike uichukue barua kwake. Isome peke yako.

Jambo ni lile gauni la Mama Haitham. Najua wewe unadhani limekwisha. Halikwisha, Ilyasi. Limenikalia kooni tangu ulipotuma ile pesa iliyorudi, na karibu livunje ndoa ya binti yangu Aya hata kabla haijafungwa.

Unakumbuka mwanzo wake. Kwetu mama wa bwana harusi huvikwa na upande wa mke, na Mama alitaka Assia, mama yake Haitham, avikwe nguo ya Ulaya, si ya sokoni. Ukatafuta huko kwenye mtandao, ukaweka kila kitu kwenye komande moja, oda moja tu: gauni la Assia, shela na viatu vya Aya, shati la Nasser. Ukatumia bon ya punguzo uliyokuwa umepewa na lile duka, bei ikateremka vizuri. Ukaniambia kwa furaha, nami kwa ujinga wangu nikamwambia Mama.

Mama alisimama. Kwa magoti yale, alisimama. "Apana! Harusi ya mujukuu wangu haiko ya solde, ya bei ya kushusha! Hakuna mutu atasikia hiyo maneno." Akaniapisha. Nikasema sawa Mama, maana nilikuwa nimechoka, na nikichoka huwa nakubali kila kitu.

Jambo ambalo sikukuambia ni hili. Rafiki yako Callixte alipotuletea valizi ya nguo kutoka huko, Mama mwenyewe ndiye aliyelitoa gauni kwenye nailoni. Lilikuwa na etiketi yake kwapani, kile kikaratasi cha bei, na bei iliyoandikwa pale ilikuwa ile ya zamani, kabla ya bon. Nikachukua mkasi. Mama akaninyang'anya mkasi. Akakilaza kile kikaratasi juu ya kifua cha gauni, namba zikitazama juu, akalikunja hivyo, na tukampelekea Assia hivyo. Ulishawahi kuona zawadi inapelekwa na bei yake? Sisi tulipeleka. Nilitembea njia nzima nikiona haya, na Mama akitembea kama bibi harusi ni yeye.

Baada ya siku chache Assia akaja nyumbani, gauni limekunjwa vilevile ndani ya nailoni. Akasema linambana kifuani. Akasema taratibu, macho chini, kama duka lile linakubali kurudishiwa, basi tulirudishe, na yeye atashukuru akipewa pesa yake, atajishonea kitenge hapahapa. Wewe unamjua Assia, mwanamke ambaye ukimwomba chumvi anakuletea na sukari. Nilishangaa, lakini unamkatalia vipi mkwe? Kwa bahati Callixte alikuwa bado hajarudi Ulaya, na duka lenu linataka nguo irudi na etiketi yake. Mama hapo akanitazama kana kwamba alijua tangu mwanzo.

Mengine unayajua kuliko mimi. Nilivyoelewa kutoka kwenye sauti zako, na nilizirudia nikiwa nimejifungia chooni, ni hivi. Bon ilikuwa ya mtu anayenunua vitu vya kiwango fulani. Gauni lilipotoka kwenye komande, vitu vilivyobaki havikufika tena kile kiwango. Basi duka likafuta punguzo lote, likahesabu shela, viatu na shati kwa bei kamili, na tofauti yake likaikata kwenye pesa ya gauni. Na bon yenyewe ikafa, hairudi. Kwa hiyo iliyorudi haikuwa bei ya kwenye kikaratasi, wala haikuwa hata ile uliyolipa wewe. Ilikuwa kama nusu ya ile aliyoiona Assia.

Ulitaka kuongeza kutoka mfukoni kwako. Nilikukataza, na sababu sikukupa. Sababu ni kwamba kama tungeongeza baadaye, ingeonekana tulikula kwanza, kisha tukatapika.

Nikampelekea ile iliyokuja. Aliipokea kwa mikono miwili, akaitazama. Akaniuliza, "Mama Aya, iko hii yote?" Nikamjibu ndiyo, ndiyo hiyo, maduka ya Ulaya yana mambo yao. Nilisikia ulimi wangu ukiongea kama wa mwizi. Hakuniuliza tena. Lakini baadaye nikajua alikuwa ameshauliza kwa wanaobadilisha pesa, anajua ile namba ya kwenye kikaratasi inatoa franga ngapi.

Tangu siku hiyo, darasani msikitini anakaa upande wa pili. Salamu anaitikia, lakini ni ile salamu ya kuitikiwa kwa sababu ni wajibu. Siku moja mwanamke mmoja akasema kwa sauti, huku anafunga viatu, kwamba siku hizi watu wanakula mpaka gauni. Wote wakacheka. Assia hakucheka, lakini hakumnyamazisha.

Kisha Haitham akaja kwa Nasser, kijana wa watu, jasho linamtoka, akasema mama yake anaomba nikah isiwe tena baada ya Idi ya kuchinja. Ingojee mvua ipite. Nasser akauliza mvua ipi, ya mwaka huu au ya mwakani? Haitham akajifuta jasho, akaaga. Aya alisikia nyuma ya pazia. Binti huyu ambaye tulikuwa tunamwita redio, sasa anafua, anapika, anafagia, haongei. Sahani yake inarudi jikoni ilivyotoka. Sikulala, Ilyasi. Niliwaza, mtoto wangu ataingia nyumba ya watu akiitwa binti wa wezi, au hataingia kabisa.

Nikamwambia Mama, tuseme ukweli, tuseme ilikuwa bon. Unajua alinijibu nini? Kwamba ni afadhali kuitwa mwizi kuliko kuitwa masikini, maana mwizi angalau watu wanajua amepata. Nilitaka kucheka nikalia. Huyu ndiye mama yetu. Lakini wahenga walisema mficha uchi hazai, na mimi nina binti wa kuoza.

Jumatatu iliyopita nikafunga duka, nikaenda Buterere kwa Assia bila kumuaga mtu. Bisi za abiria hazikuwepo kwa kukosa mafuta, nikatembea. Kule barabara imekuwa mto na mashamba ya mpunga yameingia kwenye nyua za watu. Viatu nikavivua, nikavibeba. Nilikuwa nimepanga maneno mazuri ya kusema, yote yaliishia kwenye tope.

Nilimkuta Assia anachota maji ya sebuleni kwa bakuli na kuyamwaga nje. Magodoro yako juu ya meza, meza iko juu ya matofali. Alistuka kuniona, akajaribu kufunga mlango mbele yangu kana kwamba angeificha nyumba nzima. Mimi hapohapo mlangoni nikatoa simu, nikamwonyesha ujumbe wa duka ulionitumia, nikamweleza yote: bon, kiwango, etiketi, kiapo cha Mama. Nilieleza vibaya, nilirudiarudia, lakini nilieleza. Nikamwambia kama tumekula pesa yako Mungu atuulize mimi na Mama, Aya hana kosa.

Alikaa juu ya ndoo. Akaniuliza kwa sauti ndogo, "Ile gauni iliuzwa bei ya kushusha?" Nikasema ndiyo. "Na ndugu yako Ulaya, anatafutaka bon?" Nikasema anatafuta bon kama tunavyotafuta sisi mafuta.

Akaanza kutingishika mabega. Nilidhani analia, kumbe anacheka, kisha kweli akalia. Akasema, "Yoo, Mama Aya! Kumbe nanyi munatafutaka tu kama sisi. Mi niliona ile bei nikaogopa. Nikasema, mutoto wa watu wa gauni ya bei kama ile, nitamulaza wapi? Mu maji?"

Kisha akanishika mkono, akanipeleka kwenye chumba cha nyuma. Sakafu mpya ya simenti imeanzia kwenye kona, imenyooshwa vizuri, imeinuliwa juu ya maji. Imefika katikati ya chumba, ikaishia hapo. Nusu ya pili ni udongo, na maji yamekaa juu yake. Nikamwuliza hiki chumba cha nani. Akasema, "Ya Aya."

Gauni halikumbana, Ilyasi. Alilirudisha ili atie sakafu chumba cha mwanangu. Alipiga hesabu ya ile bei ya kwenye kikaratasi, akamwita fundi, na pesa iliyofika ilitosha simenti hadi katikati ya chumba tu. Mimi nilikuwa nimesimama na miguu yangu ya tope kwenye ile nusu nzuri. Nilimkumbatia tu, tukalia wote wawili kama watoto. Hata ile kucheleweshwa kwa nikah haikuwa hasira. Ilikuwa haya. Hakutaka tuone.

Nilipokuwa naondoka akaniambia, "Tusingojeshe watoto. Upande wa kulala uko kavu."

Kwa hiyo nikah iko palepale, baada ya Idi, inshallah. Nimemwambia Mama yote, na hanisemeshi mpaka leo. Chai ninayompelekea anapokea kwa kutazama ukuta. Lakini jana nimemsikia akimwuliza Nasser mfuko wa simenti siku hizi ni bei gani. Nasser amempa bei, Mama amesema ni wizi mtupu, kisha akaanza kuvua zile bangili zake. Sikuingia. Nimemwacha afanye bila kuonwa, kama anavyopenda.

Aya nilimwambia mwenyewe. Jioni akamaliza sahani yake, akaomba nyingine.

Sasa nakuja kwako. Mwezi wa tatu uliniambia nauli umeipata, ila hutakuja harusini mpaka mizigo iwe tayari, maana mtu wa Ulaya harudi mikono mitupu. Nilikubali, nikaona ni sawa, kwetu ndivyo ilivyo. Sikubali tena. Mwaka wa tisa huu unangoja valizi ijae. Najua ulitafuta ile bon kwa sababu hukuwa na pesa ya kulipa bei kamili, na hukuniambia, na mimi dada yako sikuuliza. Mama kila akimaliza kuswali ananiuliza unakuja lini. Hajawahi hata siku moja kuniuliza unaleta nini.

Nasser anasema shahidi wa nikah upande wetu ni wewe, hatamtafuta mwingine. Usinunue kitu. Usitume kitu. Njoo na nguo ulizovaa, mdogo wangu, nitakupokea uwanja wa ndege mimi mwenyewe, na mtu akikuuliza mzigo uko wapi, nitamjibu mimi.

Mama anakusalimu, ingawa hajui kama naandika. Nasser anakusalimu sana, na Aya, na mkweo mtarajiwa Haitham, ambaye anasema atakuja uwanjani na yeye. Nisalimie Callixte, umwambie tumesamehe ile chupa ya manukato iliyomwagika ndani ya valizi. Mama Haitham amesema nikuandikie salamu zake peke yake, kwa mstari wake, na kwamba anakuombea.

Mwenyezi Mungu akulinde na baridi ya huko na upweke wake, akufungulie njia, na akufikishe kwetu salama.

Ni mimi dada yako akupendaye, hata siku ninapochoka kama leo,

Adija