Kahawa ya Wakwe Imesagwa Sydenham

Shangazi, shikamoo, na pole na mvua za Bukoba.

Ile kahawa ya kutafuna uliyowachemshia wakwe zetu wa Westville imeishia mtaa wa jirani, Sydenham, kabla haijawafikia. Nilikwenda kufungua kinywa kwenye mkahawa wa Kikolombia, mwenye mkahawa akanihubiria kahawa mpaka mkate wangu wa mahindi ukapoa. Nikamfungulia pakiti yako aonje punje moja. Akaimwaga yote kwenye mashine ya kusagia! Ikakoroma, ikazima, nami nikaanza kumfokea.

"Papa, pole pole, huyu ni bosi yangu," mhudumu Mkongo akaninong'oneza.

Pole pole? Bingwa wa kahawa ameshindwa hata kuuliza kama hii inasagwa au inatafunwa!

Jioni nitaingia ukweni mikono mitupu, nina mdomo wangu tu, na wewe unaujua. Niombee. Nakupenda, Shangazi.