Maji ya Jumamosi Jioni

Kambi ya Makarani,
Nachingwea,
Jimbo la Kusini.

Jumamosi, 14 Machi 1953.
Asubuhi ukungu, rasharasha hadi saa tatu, kisha jua.

Mpendwa dada Teodosia,

Nakuamkia, dada yangu. Mguu wako u hali gani? Bado unaukanda kwa maji ya chumvi kama nilivyokuandikia, au umechoka ukaacha? Shemeji Fransisko bado anasafiri na treni usiku kucha? Na mwanao Saturnini ameacha kile kikohozi kilichomshika mvua za mwanzo? Nikisikia habari za Tabora huwaza kwanza kifua chake.

Sisi huku ni wazima. Augustino wangu yuko bado katika stoo ya mashine, ingawa kazi yenyewe sasa ni kuandika majina ya matrekta yasiyotembea tena. Nyasi zimeota hadi juu ya viti vyake. Kornelia ametimiza miaka saba, ameota meno mawili ya mbele, na anasoma kila kitu chenye herufi, hata magunia.

Barua yako ya tarehe 18 Januari niliipata tarehe 6 Februari. Usidhani niliipuuza. Nimeanza kuijibu mara nne, na katika daftari langu la kila siku tarehe zote nne zimo. Uliandika kwamba mwezi wa Agosti shemeji atapata likizo, mtakuja kumwombea mama Misa na kusafisha kaburi lake kule Ruangwa. Nilifurahi hata nikaisoma kwa sauti. Kisha nikafika chini: "Mdogo wangu, nina hamu moja tu. Unipikie ndiga kama alivyopika mama. Wanangu wanadhani nawadanganya nikisema tulikula viazi vya porini vyenye sumu, tukashiba, tukaenda kucheza."

Mstari huo ndio ulionichelewesha. Ili nikujibu, ni lazima nianze na habari za jikoni kwangu.

Tangu mama afariki, dada, nilipika chakula kimoja. Ugali na mbaazi mchana, ugali na mbaazi jioni, na sikukuu niliongeza kipande cha nyama. Ilikwenda hivyo miaka miwili na nusu. Si kwa kukosa vitu, maana sokoni hapa kuna kila namna. Augustino alivumilia. Jioni akivua viatu mlangoni alikuwa akiuliza, "Leo mama Kornelia ametupikia mbaazi, au mbaazi?" Nami nacheka. Baadaye akaacha kuuliza, na hilo lilikuwa baya zaidi.

Tena nilikuwa na desturi ambayo sikumwambia mtu sababu yake. Nikishapakua, nilionja mimi kwanza katika kila chungu, kisha wote tulingoja. Moyoni nilisali Baba Yetu moja na Salamu Maria tatu, polepole, ndipo nikawaruhusu kula. Chakula kilipoa. Augustino alidhani ni ibada niliyofundishwa na masista shuleni.

Mwaka jana mwezi wa Julai, Kornelia alikuwa akicheza nyuma ya nyumba na vigunzi vitatu alivyovivika vitambaa. Aliwapakulia mchanga katika visoda, akagusa mchanga kwa ulimi, akakunja mikono yake akanyamaza. Kisha akawaambia, "Ngojeni. Ngojeni kwanza tuone kama mama anakufa."

Augustino alikuwa amesimama karibu nami na alisikia. Aliingia ndani akakaa kitandani na viatu vyake. Jioni ile nikaenda kwa Mwamini.

Mwamini ni jirani yetu, mzaliwa wa Nambambo, mke wa Swalehe seremala. Hakuna mpishi kama yeye katika kambi hii, wala ulimi kama wake. Nilimwomba anifundishe chakula kimoja kipya kila Jumamosi, nikiandike, nikipike, nisirudie hadi mwezi uishe. Alicheka hata akashika ukuta. "Miaka kumi shuleni, mama Kornelia, walikufundisha nini? Kuchemsha kalamu?"

Tulianza tarehe 2 Agosti kwa majani ya kunde na ufuta uliopondwa. Niliunguza ufuta ukawa mchungu kama kwinini. Mwamini akalamba kidole, akasema tuupeleke zahanati wakaugawe. Jumamosi iliyofuata boga la kuponda na karanga, nalo lilikubali. Tumepika kisamvu kwa tui la nazi zilizoletwa na lori kutoka Lindi, na samaki mkavu kwa embe bichi, na njugu mawe za kila namna. Kutoka daftari langu la shule nilitoa mkate wa mayai, nikauoka ndani ya kopo la nyama, makaa chini na makaa juu. Kornelia anauita mkate wa kopo, na ameutangaza kambi nzima. Augustino akaanza kurudi mapema siku za Jumamosi, anasimama mlangoni ananusa, anabahatisha, anakosea. Nyumba yangu ilirudiwa na harufu, dada.

Lakini bado nilionja kwanza, na bado walingoja. Na kila nilipoloweka kitu, kunde au mbaazi au hata nguo, nilisikia sauti ya mama nyuma yangu. Hakuwa akinikaripia. Ni ile sauti yake ya siku zote, ya mtu anayefanya kazi nyingine huku akiuliza: "Lusi, umebadilisha maji?" Sikugeuka. Nilijua nikigeuka nitaona ukuta, na hilo nalo nililiogopa.

Sasa keti, dada, kama umesimama.

Nilikuandikia kwamba mama alifariki kwa homa. Homa alikuwa nayo kweli, siku sita. Sikukuandikia alichokula.

Mwaka ule mvua zilichelewa na ghala lilikuwa tupu. Mama aliomba ndiga. Yeye yuko kitandani kule Ruangwa nami namwuguza, kwa hiyo niliziloweka mimi, mara yangu ya kwanza, kwa maelekezo yake. Njia yake unaijua: unakata vipande vyembamba, unaviweka ndani ya kikapu katika kijito kinachotiririka siku tatu. Kijito kikikauka, unaloweka ndani ya debe na kubadilisha maji asubuhi na jioni, bila kuruka hata mara moja. Na sharti lake unalikumbuka: aliyeloweka ndiye anayeonja kwanza, mbele ya watu, na wengine wanangoja. Mama alikuwa akisema mkono uliosahau maji na uwe wa kwanza kwenda mdomoni.

Kijito kilikuwa kikavu. Niliziloweka Alhamisi asubuhi, na kila mara nikaandika. Jumamosi ya tarehe 11 Februari 1950 imeandikwa hivi: "Maji: asubuhi, jioni." Nimeusoma mstari huo mara nyingi kuliko sala zangu. Shida ni kwamba niliuandika saa nane mchana, kabla ya kwenda misheni kuungama, kwa sababu nilijua nitarudi nimechoka. Nilirudi giza limeingia, nikamkuta mama anaweweseka, nikakaa naye. Sikumbuki kama nilikwenda kwenye debe. Huwa najaribu kukumbuka ubaridi wa maji mikononi, nami naukumbuka, lakini sijui ni ubaridi wa jioni ipi.

Jumapili asubuhi homa ilikuwa imeshuka na mama ana njaa. Nikazichemsha. Saa ya kuonja ilipofika, sikuonja. Nilikuwa nimefunga tangu usiku wa manane kwa ajili ya Komunyo. Nikamwambia, "Mama, ngoja nirudi Misani."

Akasema, "Nikungoje hadi jua la utosi na njaa hii? Nenda kapokee, mwanangu. Nitaonja mwenyewe."

Nilimwacha ameketi mkekani, ameshika sahani ya bati kwa mikono miwili. Nilikwenda. Nilipokea Komunyo, dada.

Niliporudi, saa sita, alikuwa ametapika. Alisema koo linamwasha kidogo, nisihangaike. Alfajiri ya Jumatatu alifariki. Sista aliyekuja kumtazama aliniuliza alikula nini. Nikasema uji. Wewe nawe nikakuandikia homa.

Huenda ilikuwa homa. Watu wengi walikufa kwa homa mwezi ule. Huenda ilikuwa jioni ile. Sitajua kamwe. Daftari langu halijawahi kunidanganya kwa lolote, na kwa mstari huo mmoja siliamini.

Nilipoona kwamba siwezi kukujibu kwa uongo wa pili, Jumanne hii nilimwambia Mwamini kila kitu, na usiku wake nikamwambia Augustino. Augustino alinishika mkono. Mwamini kwa mara ya kwanza alikosa neno la mzaha. Alifunga kanga yake vizuri, akasema, "Ndiga nitakutafutia kwa ndugu zangu Mkotokuyana. Utaloweka, nami nitakaa debe lilipo. Na kalamu yako itakaa kwangu."

Hivyo ndivyo tulivyofanya. Ndiga zililetwa jioni ileile, tukaloweka Jumatano alfajiri. Kila nilipomwaga maji na kutia mapya, Mwamini alitazama hadi tone la mwisho, ndipo akanipa kalamu. Nikiisha kuandika anainyang'anya, anaichomeka kwenye nywele zake, anaondoka nayo. Watu wa kambi walidhani tumegombana kwa sababu ya kalamu.

Leo asubuhi nilizichemsha. Augustino alitaka kuonja yeye. Nilikataa, maana sharti ni la mama na mkono ni wangu. Nikamwomba amchukue Kornelia wakatazame treni, wasirudi kabla ya jioni.

Saa tano na nusu nilikula vipande vitatu na chumvi, mbele ya Mwamini. Ladha ni ileile, dada, na uchungu mdogo unaokuja mwishoni, ukiwa umekwisha kumeza. Mwamini alikaa ananitazama koo kama anayetazama chungu cha maziwa.

"Linawasha?"

"Haliwashi."

"Usinifiche. Ukifa hapa nitaanzia wapi? Taratibu za maiti ya Kikristo sizijui."

Tulicheka sana. Kisha tukakaa muda mrefu, tunasikiliza tumbo langu.

Sasa ni saa tisa na robo. Nimekaa mezani nakuandikia, na Mwamini amelala kibarazani, mdomo wazi, kalamu yangu ya pili nywelini. Siumwi popote. Nilidhani nikifika saa hii bila kuumwa nitafurahi. Badala yake nimeona jambo ambalo sikulitazamia. Njia ya mama ni salama. Maji yakibadilishwa, ndiga haiui mtu. Kwa hiyo siwezi tena kuilaumu ndiga, wala mwaka ule wa njaa. Imebaki homa, na imebaki jioni ile, basi.

Sikuombi unisamehe kwa barua. Neno kubwa kama hilo si la kupewa stempu. Alikuwa mama yako pia, na kwa miaka mitatu nimekuacha umlilie bila kujua unachokililia. Ukikasirika, kasirika. Lakini njoo Agosti. Ukiona huwezi kula mkononi mwangu nitaelewa, Mwamini atakupikia, nami nitateka maji tu. Na kama bado una hamu ile, niandikie neno moja, "loweka," nami nitaloweka. Nitaonja mbele yako na wanao, nanyi mtangoja.

Msalimie sana shemeji Fransisko, na uamue mwenyewe kama utamsomea haya. Mbusu Saturnini na wadogo zake, waambie mama yao mdogo anawawekea mkate wa kopo. Augustino anakusalimu. Mwamini anakusalimu ingawa hamjaonana, na anasema uje na kalamu yako. Mungu akutunze ukiwa njiani na ukiwa nyumbani, na mama yetu apate mahali penye maji mengi yanayotiririka.

Wako akupendaye daima,
mdogo wako Lusiana.

Jumapili, 15 Machi. Asubuhi mvua kubwa, upepo wa mashariki.

Dada, bahasha sikuifunga jana, kwa sababu unazozijua. Nimeamka mzima.

Jana jioni Kornelia alirudi amechafuka moshi wa treni, akaona sahani mezani. Akauliza, "Nani ataonja?" Nikamwambia nimekwisha kuonja tangu mchana. "Basi si tule," akasema, akachukua kipande akala papo hapo, hakukunja mikono. Mkono wangu uliinuka kumzuia, nikaurudisha chini. Augustino naye akala. Usiku nilikaa kando ya kitanda cha mtoto nikisikiliza pumzi zake.

Mama aliuliza tena, nyuma yangu, kama kawaida yake. Safari hii nilimjibu. Nilisema, maji haya nimebadilisha, mama. Yale sijui. Akanyamaza, nami nikalala saa tano na dakika ishirini.