Kidole cha Mama

Mdogo wangu mpenzi Chiriku,

Nakusalimu kwa mapenzi ya tangu tukilala kitanda kimoja na wewe ukinivuta shuka. Hali yako, na shemeji hajambo? Na wanangu hao, yule mrefu amejifunza kula mboga, au bado anazificha chini ya sahani? Sisi huku wazima. Mimi nilikuwa na kidole kibovu lakini kimepona, na habari zake ndizo zilizonikalisha chini niandike. Ningekupigia simu, ila kwenye simu hunipi nafasi hata ya kupumua. Hatukukuita Chiriku bure.

Kwanza nikupe ya kufurahisha. Binti yangu amepandishwa cheo pale kituo cha afya, sasa wenzake wote wa zamu wako chini yake. Ukimwona na koti lake jeupe utadhani amezaliwa nalo. Koti nimelishona mimi, maana lile alilopewa lilimkaa kama gunia. Mtaani hawaniiti tena fundi, wananiita Mama Daktari. Yeye huwarekebisha, anasema hajawa daktari, ni tabibu tu. Nimemwambia awaache watu waseme roho zao zinavyopenda. Nisipomsifu wangu nimsifu wa nani?

Sasa kidole. Nilikuwa napinda gauni la bibi harusi, mteja msumbufu, kitambaa chenyewe kinateleza kama sabuni. Sindano ikanidunga kidole cha kati cha mkono wa kushoto, ikazama. Nikafanya kama tulivyofunzwa. Bila shaka hujasahau: unawahi kukitia kidole mdomoni na kukifyonza kabla tone halijaangukia nguo ya watu. Likianguka, unatafuna kipande cha uzi mweupe mpaka kilowe mate, unasugulia doa, linatoka. Damu yako huondolewa na mate yako mwenyewe, ndivyo Mama alivyokuwa akisema, na kwenye gauni lile halikubaki hata kivuli cha doa. Bibi harusi alilivaa akang'ara. Kilichobaki kilibaki kidoleni.

Nilipokuwa nafyonza nilijikuta niko kwenye chumba chetu kile cha mbele. Cherehani dirishani, harufu ya mafuta yake imechanganyika na ya pasi ya mkaa, vipande vya vitambaa hadi chini ya kitanda. Mama amebana pini midomoni na bado anagombeza. Mimi nakata, wewe umekaa juu ya ndoo iliyogeuzwa, kazi yako kutunga uzi kwenye sindano kwa sababu macho yake yalishaanza kuchoka. Ulikuwa ukiutunga mara moja tu, huku unaongea. Mimi mpaka niulambe, niukodolee, niulambe tena, na Mama anacheka mpaka pini zinamdondoka.

Kesho yake kidole kikavimba. Nikapuuza; fundi gani anahesabu kudungwa? Kikawa cha moto, kinapwita kila moyo ukipiga. Halafu nikaona mstari mwekundu umetoka kiganjani unapanda kuelekea kiwiko, kama mtu ameuchora kwa chaki. Kwapani kukavimba kidonge kinachouma, hata kuinua mkono nivae blauzi ikawa shida. Jua linawaka mimi natetemeka kwa baridi, nimejifunika koti la baba watoto. Binti alipoingia akanikamata mkono, akaufuata ule mstari kwa macho, wala hakunisalimia. Alinipeleka kituoni vile vile nilivyo, na kanga ya jikoni.

Walikipasua kidole, usaha ukatoka, wakanitundikia dripu ya dawa. Nilipopata nafuu nikamuuliza imekuwaje, maana mimi ni mtu msafi, unanijua. Akakaa kando ya kitanda akanieleza polepole kama anavyowaeleza wagonjwa wake, na wodi nzima ikanyamaza kumsikiliza mwanangu. Alisema kwamba kuwa na vijidudu tu siyo maambukizi. Kila mtu anavyo, mdomoni, kwenye ngozi, tumboni, na tunaishi navyo kama majirani. Maambukizi ni pale vinapoingia mahali pasipo pao, vikaanza kuzaana na kuumiza mwili. Sindano ilifungua mlango, na mimi kwa kufyonza nikavikaribisha vya mdomoni mpaka ndani ya nyama.

Nikamwambia basi uvimbe na moto ndio ubaya wa hao wadudu. Akasema mwingi wa ule ni mwili wangu mwenyewe unapigana. Damu inakimbilia pale, ndiyo maana panawaka na kuwa pekundu. Inabeba chembe nyeupe zinazokwenda kuvila vile vijidudu, na usaha ni maiti za pande zote mbili. Tezi ya kwapani ilivimba kwa kuwa ni kama kituo cha ukaguzi, kila kinachopita kinasimamishwa hapo. Homa nayo mwili unaipandisha makusudi. Nilifurahi, nikaona kumbe mwili wangu ni hodari. Hapo akaacha kutabasamu. Akasema mwili ukizidiwa, vita inaenea kila mahali, na mwili unaanza kujiumiza wenyewe. Moyo unakwenda mbio, pumzi zinakatika, mgonjwa anaweweseka, anaongea na watu wasiokuwepo, na asipopata dawa mapema anaweza kuondoka katika siku chache. Akasema nilikuwa nimeshaianza njia hiyo.

Chiriku, mdogo wangu, nililala pale nikitazama bendeji yangu, na nikaiona bendeji nyingine.

Wewe hukuwepo, kwa hiyo huwezi kukumbuka. Ulikuwa umeshaondoka na shemeji, Mama amenuna, hakutoka hata kukusindikiza. Ulipokwenda alirudi kwenye kazi yake, mapazia ya ule ukumbi mkubwa, kitambaa kizito kama turubai. Baada ya hapo nilimwona na kidole kimefungwa kipande cha pazia lile la kijani. Sikuuliza, kwetu kidole kilichofungwa ni kama sahani chafu, hakishangazi mtu. Alikuwa ameupakata mkono kifuani. Nilipomvua gauni alilia nilipogusa kwapa. Alitetemeka tukamfunika kila nguo iliyokuwemo ndani, hata za wateja. Halafu akaanza kuweweseka na kukuita wewe, na Shangazi aliyekuwa mlangoni akasema yale maneno aliyoyarudia msibani mbele ya watu wote, kwamba huyu ameuawa na kihoro cha mtoto aliyemkimbia.

Najua uliyasikia. Najua ndiyo sababu unatutumia nguo, unatutumia picha za watoto, lakini mlango wa nyumba hii hujauvuka tangu ile siku ya maziko. Hujawahi kusema, nami sijawahi kukuuliza.

Nikamsimulia binti yangu yote, kidole, kwapa, baridi, kuweweseka. Kisha akasema, "Mama, mimi sikumpima Bibi, siwezi kuapa. Lakini angeletwa kwangu leo akiwa hivyo, nisingemtafutia huzuni. Ningemtundikia dripu. Mwambie Mama Mdogo."

Ndiyo nakwambia. Na nikwambie na hili, maana wewe umelibeba lile la Shangazi peke yake. Shangazi alikuwa mlangoni, mimi nilikuwa nimempakata kichwa. Hakuwa akikulilia wala kukulaumu. Aliamini yuko kazini. Aliniuliza mkasi uko wapi, akamgombeza mteja mmoja aliyechelewa, na kila baada ya muda anageukia kule ilikokuwa ndoo yako, anasema kwa sauti yake ile ya kawaida kabisa, "Chiriku, nitungie uzi." Mara nyingine alikuwa anacheka. Nadhani alikuwa ananiona mimi naulamba.

Kidole changu kimepona, kucha tu ndiyo imeota kombo. Sasa nafyonza kwa mazoea, nakumbuka, naenda kuosha kwa maji na sabuni, na binti yangu ananicheka. Cherehani ya Mama bado ipo dirishani, nayo ndiyo inayonilisha. Ila macho yangu yamekuwa kama yake, tundu la sindano silioni tena, naomba wapita njia.

Wasalimie wanangu na shemeji, mwambie suruali zake nitamshonea nikipata vipimo vyake mwenyewe, siyo vya kuhadithiwa. Baba watoto anakusalimu, na daktari wangu naye anakusalimu. Ndoo ninayo. Njoo unitungie uzi.

Ni mimi dada yako akupendaye,
Mama Daktari