Mgongo wa Nekesa

Jumanne. Baridi ya kuuma masikio, na hata moyo wangu hauko sawa.

Hapa Shauri Moyo hakuna mtu wa kunishinda kwa kukanda. Timu ya mpira ya kiwanda chetu kule Industrial Area, mkandaji alikuwa mimi. Mchezaji aliletwa amebebwa, analia, akatoka anaruka. Uliza mzee yeyote.

Sasa Nekesa, mke wa kijana wangu, ana mimba kubwa na mgongo unamtesa. Kijana yuko Turkana anajenga barabara. Chumba chao na changu vimegawana ukuta.

Nesi wa kliniki alimwambia mtoto yuko sawa, mgongo tu ndio umechoka na mzigo. Akandwe polepole, amelala kwa ubavu, tumbo lisiguswe. Halafu akamfundisha yoga. Nilicheka! Ati apige magoti kama mtoto anayetambaa, akunje mgongo kama paka, apumue. Lakini siku akifanya, analala vizuri, na miguu haifuri sana. Hilo nakubali, ingawa nesi sitamwambia.

Leo hata yoga ilimshinda. Alipiga magoti pale sakafuni, kuinuka akashindwa.

Jirani yetu Mama Achieng akaingia kumwinua na kumkanda. Mimi nikasimama nje ya mlango, nimegeukia ukuta, nikimwelekeza.

"Sio juu ya mfupa! Kando yake! Tumia kiganja!"

"Mzee, nyamaza. Wewe ulibeba mimba lini?"

Nekesa akapiga kelele. Nilijua kabisa amefinywa wapi. Pale ningepapata nikiwa nimefumba macho.

Mama Achieng alipochoka akarudi kwa biashara yake ya samaki. Ndipo Nekesa akaniita, sauti ndogo.

"Baba, si wewe ulikuwa unakanda wachezaji? Nikande tu. Sitaambia mtu."

Maumivu yamemfikisha hapo.

Mimi ni Mbukusu. Kwetu ni mwiko, mke wa mtoto wako humgusi. Hata salamu ya mkono hatupeani.

Nikamjibu, "Mama, wacha nikuchemshie maji."

Nikaweka karai na kitambaa mlangoni, nikarudi kwangu. Anajikanda mwenyewe mahali mkono unafika. Mahali haufiki, analia.

Na mimi nimekaa na mikono mizima.

Kesho nitameza kiburi changu, nimwombe Mama Achieng anikande mimi kwanza, hapo barazani mbele ya watu, mpaka mkono wake ujue pa kumkanda Nekesa. Wacheke wakitaka.

Hiyo ni kesho. Leo sina la kumfanyia.