Mshipi Wako wa Ukapteni

Shoga yangu Mwanahawa,

Mwanao Siti yupo nje anacheza, na huyu wangu wa kunyonya kanyamaza sasa hivi, ndipo nikapata upenyo wa kukuandikia. Tangu homa ile ikuchukue sijakaa kitako.

Mashindano ya ngalawa yalifanyika baada ya Idi. Upande wetu wa Dunda ulishindwa, na sisi wanawake pale ufukweni nyimbo zilitukwama. Nilikuwa nakutafuta kwa macho, wewe na mshipi wako mwekundu, umeuvaa mshazari toka begani hadi kiunoni, unatuamrisha kama askari. Haya!

Wakumbuka siku ulipochaguliwa Kapteni wetu, ukaingia kwenye Umoja wa Wakubwa, ule wa wanawake wa pande zote mbili? Tulikuwa tunapepeta mchele, wewe unanihesabia masharti. Asiye na cheo haingii. Kila upande viti vitatu. Mkubwa akitoka, arudishe mshipi. Ukasema, "Masharti mengi kuliko ya mahari!" Nikakuuliza, na mwenye mimba je? Ukanijibu, "Huyo makapteni wawili, apewe viti viwili." Tulicheka mpaka mchele ukamwagika, mama yako akatufokea.

Basi juzi Wakubwa wakaniita kwa Bi Zena, mwenyekiti wao. Nije na mshipi wako, kisha nivishwe mimi niliyechaguliwa na Dunda, nikae kiti chako. Sikufichi, nilifurahi. Na uchovu wangu wote huu, bado nilikitamani. Lakini Siti hulalia ule mshipi, shoga. Anasema unanukia mama. Nikaenda nao, nikafika mlangoni, moyo ukakataa.

Bi Zena akasema kwa upole, "Sheria ni sheria, mwanangu. Mwenzetu katutoka."

Nikamwambia, "Shikamoo yangu iko palepale, Bi Zena, lakini mwenye kutoka huaga. Mwanahawa alimuaga nani? Hakutoka yule. Kachukuliwa."

Bi Mosi wa upande wa pili, unaujua ulimi wake, akadakia, "Ehe! Kama hakutoka, kiti chake hakiko wazi. Sasa wewe bibi wee, umekuja kukalia nini?"

Walicheka hao! Hata mimi nilicheka, machozi yananitoka. Wakanitazama, nichague: kubaki na mshipi, au kukalia kiti. Nikaukunja, nikautia kifuani penye mtoto. "Basi kisikaliwe," nikasema.

Bi Zena akakubali. Kiti kimebaki chako. Sasa wakipiga kura sisi tuna mikono miwili, wenzetu mitatu, na wa Dunda wamenuna kweli. Jana kisimani hakuna aliyenitwika ndoo. Watanyamaza. Na mimi ukapteni nimeukosa. Nikiwa peke yangu huuma kidogo, kisha mtoto analia, nasahau.

Ila nakuahidi jambo, na usinikasirikie. Siti namlea kama wangu, ataoga, atashiba, atakwenda chuoni kusoma Kurani. Mshipi ni wake wa kulalia tu. Siku akija kuutaka ukapteni, hatarithi. Ataimba, atapika, atachaguliwa na watu kama ulivyochaguliwa wewe. Akilia nitamfuta machozi, lakini cheo sitamwombea.

Mungu akupe nuru huko uliko, mwenzangu. Huyu ameamka.

Shoga yako,
Mwanaidi